Sanduku la Maswali: Kilwa, Nchi Kavu na Maji Yake

Toleo hili tumeliacha lote kwa wilaya moja, kwa kuwa barua zinazohusu Kilwa zimekuwa nyingi na nyingi kati yake, ingawa waandishi wake hawajuani, zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nchi hii imegawanywaje, na kwa nini imegawanywa hivyo. Tumechagua sita.

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari huko Temeke. Wanafunzi wangu wakisikia Kilwa hutaja magofu, na wakishataja magofu hudhani wamemaliza. Ningependa kuwachorea wilaya nzima ubaoni, lakini ramani ninazozipata zinaonyesha barabara moja na nukta chache za miji. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, barabara iache kwanza. Anza na pwani upande wa kulia wa ubao, kisha vuta mito mitatu kutoka bara kuja baharini. Wa kaskazini uite Matandu, nao uingie baharini karibu na Kilwa Kivinje. Chini yake weka Mavuji, unaoishia katika ghuba za upande wa Kilwa Masoko, na mwisho wa kusini weka Mbwemkuru, unaokaribiana na mpaka wa Lindi. Ukishaichora mito hiyo, vitu vingine vyote vitapata mahali pake, kwa sababu watu wa Kilwa wamekaa kwa kufuata maji tangu zamani, na waliokuja baadaye kuwagawia tarafa na kata walilazimika kuwafuata.

Mipaka ya nje ni hii. Kaskazini kuna nchi ya Rufiji, iliyo katika Mkoa wa Pwani. Magharibi kuna Liwale. Kusini kuna Lindi na Ruangwa. Mashariki ni Bahari ya Hindi. Wilaya yenyewe imo katika Mkoa wa Lindi, kati ya nyuzi 8 na nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 13,000, ukihesabu na sehemu ya bahari. Wanafunzi wako huenda wasiione namba hiyo vizuri, basi waambie kwamba Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja zingeingia humo zaidi ya mara nne. Hata hivyo sensa ya mwaka 2012 iliwakuta humo watu 190,744 tu, yaani wakazi wasiofika kumi na watano kwa kila kilomita ya mraba. Wajue mapema kwamba hii ni nchi pana yenye watu wachache, kwa maana mengi yatakayofuata yanatokana na hilo.

Sasa weka tarafa. Tatu zinaigusa bahari: Miteja upande wa kaskazini, Pwani katikati pamoja na miji ya Kivinje na Masoko, na Pande upande wa kusini. Tatu nyingine zimo bara. Kipatimu iko juu ya vilima vya Matumbi, kaskazini-magharibi, mahali penye ubaridi kidogo na machungwa yanayosifiwa hadi masoko ya Dar es Salaam. Njinjo inafuata bonde la Matandu. Nanjirinji iko kusini-magharibi, katika misitu ya miombo. Waulize wanafunzi wako kwa nini Njinjo ilime mpunga na mahindi ya bondeni, ilhali Kipatimu ilime miti ya matunda na Pande ijaze minazi na mikorosho. Mwanafunzi aliyeona mito na vilima ubaoni atajibu bila kufungua kitabu.

Vilima vya Matumbi vinastahili kipindi kizima. Mawe yake ni ya chokaa, na maji ya mvua yamekuwa yakiyala kwa muda mrefu hadi yakachonga mapango. Nandembo ni mojawapo ya mapango marefu kuliko yote yanayojulikana Tanzania, na Nang'oma linakumbukwa na wenyeji kuwa mahali watu walipojificha wakati wa Vita vya Majimaji. Vita hivyo vilianzia huko huko milimani, katika kijiji cha Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, wananchi walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima. Sidhani kwamba ilikuwa bahati tu vikaanzia hapo. Nchi ya vilima, misitu na mapango ilikuwa karibu na bahari kiasi cha kufikiwa na mkono wa mtawala, lakini ilikuwa na mikunjo mingi ambayo mkono huo haukuweza kuifikia. Ukilifundisha hili katika jiografia, mwenzako wa historia atakushukuru.

Magharibi ya hapo ni misitu inayoelekea Liwale na Pori la Akiba la Selous. Humo ndimo umo mpingo, mti mweusi unaotengenezewa zumari za Ulaya na vinyago vya Kimakonde. Mwaka 2009 misitu ya vijiji ya Kilwa, Kikole ikiwa mojawapo, ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu kinachotolewa na FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, na hakuna msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji popote Afrika uliokuwa umekipata cheti hicho kabla ya hapo. Magofu yaje mwisho, Mwalimu, wakati wanafunzi wameshaelewa kwamba yalijengwa kwa utajiri wa nchi yote hii na wa ng'ambo yake.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, naishi Mafia. Tumebishana darasani: je, Songo Songo ni ya Mafia au ni ya Kilwa?

Jibu: Ni ya Kilwa. Mkisimama katika fukwe za kusini za Mafia mnaweza kudhani kwamba visiwa vyote mnavyovisikia upande huo ni vya kwenu, lakini visiwa vya Songo Songo vimeelekeana na pwani ya Kilwa, na gesi asilia iliyogunduliwa huko mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004 hupita katika bomba chini ya bahari hadi Somanga, ambayo ni nchi kavu ya Kilwa, kabla ya kwenda Dar es Salaam. Hata hivyo mliobisha upande wa pili hamkukosea kabisa, kwa sababu kwa mambo ya viumbe vya bahari Rufiji, Mafia na Kilwa huhesabiwa kuwa eneo moja, na tangu mwaka 2004 maji, mikoko na miamba ya wilaya hizo imeandikishwa pamoja chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Samaki wa kwenu na wa kwao ni wale wale.

Swali: Assalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Muscat. Bibi yangu alizaliwa Kilwa Kivinje, naye hadi alipofariki alikuwa akisema «Kilwa» bila kuongeza neno. Nilipokwenda kutembea nilikuta Kilwa tatu, na ile ya bibi ndiyo iliyonyamaza kuliko zote. Kwa nini kuna Kilwa tatu, na kwa nini Kivinje ikaachwa?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Kilwa tatu ni mji mmoja uliohama mara mbili, na kila mara ulihamishwa na bahari pamoja na biashara.

Kilwa Kisiwani ndiyo ya kwanza. Kiko kisiwani, kama jina lake linavyosema, mbele ya ghuba yenye kina kirefu na iliyokingwa vizuri, na visiwa vya Songo Mnara na Sanje ya Kati viko jirani yake. Lakini ubora wa bandari peke yake haungetosha kuujenga mji ule. Kilichoujenga ni upepo. Majahazi ya Oman, Hadramaut na Ghuba yalishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, nayo yalitakiwa kurudi na kusi inayoanza Aprili, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa pwani ambao nahodha angeweza kuufikia na kufanya biashara na kuondoka katika msimu mmoja. Aliyetaka kwenda mbele zaidi hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, kwenye dhahabu, alijitia katika hatari ya kukwama mwaka mzima. Kwa hiyo dhahabu ililetwa Kilwa, na wenye Kilwa wakakaa katikati. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na akausifu mji. Wareno nao walifika mwaka 1505, wakauteka na kuupora, na ingawa watu waliendelea kuishi kisiwani, ukubwa ule haukurudi tena.

Kilwa Kivinje ilikua katika karne ya 19, na huu ndio mji wa bibi yako. Uko bara, karibu na mdomo wa Matandu, na hapo ndipo njia za misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ziliposhuka. Sipendi kulizungusha jambo hili: Kivinje ilitajirika kwa pembe za ndovu na kwa biashara ya watumwa, na wengi waliopita katika mji ule walipita wakiwa wamefungwa. Nyumba zake zenye milango ya nakshi, ambazo bila shaka uliziona zikibomoka, ni sehemu ya habari hiyo pia. Wajerumani walipokuja waliufanya kituo chao, na hapo Kivinje ndipo walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, baada ya kuwapinga kwa silaha. Mahali hapo wenyeji hupaita Mwembe Kinyonga.

Lakini Kivinje haina bandari. Ina ufuko. Maji yakipwa, bahari hujivuta mbali sana na kuacha uwanja wa tope na mchanga, chombo chenye shehena kikalala ubavu kikisubiri maji yajae. Jambo hilo halikuwasumbua wenye majahazi, ambao walikuwa na subira na vyombo vyenye tumbo la kustahimili kukaa mchangani. Liliwashinda wenye meli za chuma. Meli zilipokuwa ndizo zenye kuamua, katika karne ya 20, makao ya wilaya yalihamishiwa Kilwa Masoko, kwenye rasi inayotazamana na Kisiwani, na hivyo mji ukawa umerudi kwenye ghuba ile ile ya kina kirefu ulikotoka. Mwezi Septemba 2023 liliwekwa hapo Masoko jiwe la msingi la bandari ya uvuvi, na sababu ni ile ile iliyowaleta wafanyabiashara wa kale: chombo kikubwa kinaweza kufika karibu na nchi kavu bila kugusa chini.

Bibi yako hakukosea kusema «Kilwa» tu. Katika utoto wake, huenda Kilwa nyingine zilikuwa ni kijiji cha kisiwani na rasi yenye vibanda.

Swali: Ninafanya biashara ya ufuta na korosho kati ya Somanga na Dar es Salaam. Kila masika tunaambiwa barabara imekatika, kila mara ikitengenezwa inakatika tena. Wengine wanasema ni uzembe, wengine wanasema ni mapenzi ya Mungu. Je, ardhi ya huku ina tofauti gani na ya kwingine?

Jibu: Ina tofauti kubwa. Chini ya sehemu kubwa ya pwani ya Kilwa kuna tabaka nene za udongo wa mfinyanzi uliojilimbikiza chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ya sakafu hiyo kuinuliwa ikawa nchi kavu. Wanajiolojia wameupanga udongo huo katika tabaka nne na kuzipa majina ya vijiji na miji yenu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Walichimba visima vya utafiti huko kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 2002, na walichokipata kimewafanya wataalamu wa hali ya hewa ya kale duniani kote walijue jina la Kilwa. Mfinyanzi ule ulikuwa mzito na usiopitisha maji kiasi kwamba magamba ya viumbe vidogo vya baharini, ambavyo jicho halivioni, yamehifadhika humo karibu kama yalivyokuwa siku vilipokufa, na kutokana nayo wanapima joto la bahari ya zamani sana.

Sifa hiyo hiyo inayomfurahisha mtafiti ndiyo inayokuumiza wewe. Udongo usiopitisha maji hauimezi mvua. Mvua ya masika ikinyesha milimani Matumbi na kwenye miombo ya bara, maji hayazami, bali huteremka kwa wingi na kwa haraka hadi kwenye ukanda wa chini, na ukanda huo ndio barabara yenu inakopita, ikikata vijito vyote kwa kuvipinga ubavu. Mfinyanzi wenyewe ukilowa huvimba na kuteleza, ukikauka husinyaa na kupasuka, kwa hiyo tuta la barabara lililojengwa juu yake halitulii hata mwaka ambao hakuna mafuriko. Mwezi Januari 2020 Matandu ulifurika na kuviumiza vibaya vijiji vya bonde la Njinjo. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua pamoja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara upande wa Somanga, na mikoa ya kusini ikakaa bila njia ya magari kwenda Dar es Salaam.

Umeuliza kama ni uzembe. Nitasema ninavyoona. Mahali ambapo makalavati madogo huzolewa na daraja refu hubaki, jibu la uhandisi linajulikana: ujenge kwa kipimo cha maji yanayokuja kweli. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003 likiwa na urefu wa mita 970, lilijengwa kwa kuuheshimu mto. Kabla yake abiria wa kusini walilala kando ya kivuko. Vijito vya Kilwa ni vidogo kiangazi, na mtu akija kuvipima Septemba huviona ni mifereji tu. Angekuja Aprili.

Swali: Mimi ni mfugaji, nilifika upande wa Nanjirinji nikiwa kijana pamoja na wazazi na ng'ombe. Vijiji vinatuambia hakuna nafasi, lakini mimi naona pori tu, siku mbili za kutembea bila kuona shamba. Nafasi inakosekanaje?

Jibu: Ndugu mfugaji, familia nyingi za wafugaji zililetwa Lindi na Kilwa mwaka 2006 na 2007, zilipoondolewa katika bonde la Usangu, na ziliambiwa kwamba kusini kuna ardhi tupu. Neno hilo «tupu» ndilo lililoleta shida, kwenu na kwa wenyeji. Nchi yenye watu wachache inaweza kuwa na wenyewe kila mahali. Pori unalolipita kwa siku mbili huenda ni msitu wa kijiji unaovunwa mpingo kwa zamu, na fedha zake hujenga zahanati na visima vya kijiji hicho. Huenda ni shamba lililoachwa lipumzike, kwa sababu mkulima wa huko huhama kipande kimoja kwenda kingine na kurudi baada ya miaka mingi. Na mabonde yenye majani mabichi wakati wa kiangazi, ambayo ng'ombe huyatamani, ndiyo hayo hayo ambayo mkulima huyategemea kwa mpunga na mboga.

Hata hivyo hoja yako ina haki yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inavipa vijiji uwezo wa kutenga kila eneo kwa kazi yake, malisho yakiwa mojawapo, na kijiji ambacho tayari kina wafugaji walioandikishwa hakitatui lolote kwa kuchora ramani isiyokuwa na malisho, njia ya mifugo wala mahali pa kunyweshea. Ombeni jambo hilo liwe ajenda ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ombeni pia njia ya kwenda majini iwekewe alama zinazoonekana, kwa maana magomvi mengi huanzia ng'ombe wanapokwenda kunywa, na machache tu huanzia wanapokula.

Swali: Shikamoo, Mhariri. Baba yetu alifariki akatuachia shamba la minazi katika kijiji kimoja cha tarafa ya Pande. Upande wa chini shamba linafika kwenye mikoko. Kuna mtu amekuja na anataka kununua «mpaka baharini». Jirani naye anasema minazi kumi na minane ya upande wa kaskazini ni ya babu yake, ingawa anakubali kwamba ardhi ni yetu. Dada zangu wawili wanaambiwa kwamba shamba la ukoo halina fungu la mwanamke. Mimi ni mdogo wao na ndiye niliyesoma, wote wananitazama. Mipaka yetu iko wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Barua yako tumeiweka mwisho ili tuipe nafasi.

Tuanze na «mpaka baharini». Neno hilo ni rahisi kulitamka na gumu kulitekeleza, kwa kuwa kati ya mnazi wenu wa mwisho na maji ya kina kuna nchi kadhaa zilizopangana kama mistari, na kila moja ina mwenyewe wake. Tembea nami kutoka juu.

Shamba lenyewe ni ardhi ya kijiji. Linasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, nanyi mnalimiliki kwa mila, iwe mna Hati ya Hakimiliki ya Kimila au bado hamjaichukua. Haki hiyo ni ya kweli kabisa na si ya daraja la chini. Lakini mtu wa nje ya kijiji hawezi kuinunua kwenu kwa kupeana mikono chini ya mnazi. Lazima jambo hilo lifike Halmashauri ya Kijiji na likubaliwe.

Ukiendelea kuteremka utaingia katika ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza humo shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira, yaani anayetaka kununua ili ajenge hoteli ukutani mwa maji ananunua mahali asipoweza kujenga. Mwulize kama analijua hilo. Jibu lake litakuonyesha nia yake.

Kisha mikoko. Hapa ndipo watu wengi wa pwani hukosea, kwa sababu wamekata boriti na kuni humo tangu kwa babu zao. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu ya serikali tangu zama za ukoloni, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Haimo katika shamba lenu hata kama shamba limeigusa, na hata kama ni baba yenu aliyeilinda kwa miaka yote. Mlilana ulio mbele kabisa majini, mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu, mkandaa na mchu wa nyuma karibu na nchi kavu, yote ni ya hifadhi. Asiiuze mtu wala asiinunue mtu. Nami naongeza kwa moyo wangu wote: msiiache ikatwe. Ghuba za Pande zina vijiji vilivyo chini sana, na ile mizizi ndiyo inayolivunja wimbi kabla halijafika kwenye visima vyenu vya maji matamu.

Baada ya mikoko ni tope na mchanga unaofunikwa na kufunuliwa, wanakookota kina mama na watoto wakati wa maji kupwa, na baada yake ni bahari. Huko hakuna shamba la mtu. Kuna uvuvi wa wote kwa utaratibu, na vijiji vya Kilwa vina vikundi vya kusimamia rasilimali za bahari, yaani BMU, ambavyo katika sehemu nyingi vimepanga maeneo yao pamoja na vijiji jirani. Bahari ya huku si ya kina kidogo kila mahali. Mwaka 2003 wavuvi wa upande wa Songo Mnara walimnasa silikanti, samaki wa kale anayeishi gizani katika vilindi. Kilindi kinaweza kuwa karibu na mikoko kuliko mgeni anavyodhani.

Sasa umeniuliza mpaka uko wapi, na bado sijakwambia ukingo wa bahari unapimwaje na mtu asiye na chombo. Usiende wakati wa maji mafu, kwa maana bahari huwa imepoa na itakudanganya kwamba iko mbali. Nenda siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na ikiwezekana bamvua za karibu na Machi au Septemba, ambazo huwa kubwa kuliko nyingine za mwaka. Maji yakishajaa na kuanza kurudi, yataacha mstari wa majani makavu, vifuu na vijiti. Huo ndio ukingo wanaoujua wazee, na kutoka hapo mpima wa wilaya ataendelea na kazi yake. Katika nchi tambarare kama ya kwenu, mstari wa bamvua na mstari wa maji mafu huweza kuachana kwa umbali unaomeza nusu ya shamba.

Kuhusu jirani yako, usimkasirikie kabla hujamsikiliza. Katika pwani yetu mti na ardhi vimekuwa vikiweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu aliyepewa ruhusa ya kupanda minazi katika ardhi ya mwenzake aliimiliki minazi ile, akaila, akairithisha, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Yeye mwenyewe anakiri kwamba ardhi ni yenu, na mtu anayetaka kudhulumu hasemi hivyo. Waulizeni wazee waliobaki ni nani aliyekuwa akiangua minazi hiyo kumi na minane. Ikithibitika kwamba ni babu yake, iandikeni: miti ni yake hadi itakapokufa, asipande mingine bila kukubaliana nanyi, na njia ya kuifikia ni hii. Mkishindwa kuafikiana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao sheria inataka wawe wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Mambo ya namna hii hukaa vizuri huko kuliko mahakamani, kwa kuwa wajumbe wanaijua minazi yenyewe.

Kuhusu dada zako, aliyewaambia hawana fungu amekosea kila upande. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi. Na kama ninyi ni Waislamu, kama walivyo wengi wa huko, fungu la binti katika mirathi limetajwa wazi, hivyo hakuna ukoo unaoweza kulifuta kwa jina la dini. Hakikisha majina yao yanaandikwa katika hati pamoja na lako, kabla ya neno lolote la kuuza halijazungumzwa.

Fanya hivi, basi. Mnunuzi mwambie asubiri. Bamvua ijayo nenda shambani pamoja na dada zako wote wawili, jirani yako, mzee mmoja anayemkumbuka baba yenu na mtendaji wa kijiji. Upande wa juu na pembeni pandeni mibono palipo na mpaka, ninyi na jirani mkishika jembe kwa zamu. Upande wa chini subirini maji yajae, yarudi, yaache mstari wake, kisha hesabuni hatua kutoka hapo kwenda juu hadi kwenye mnazi wa kwanza, na mtendaji aandike namba hiyo mbele yenu.